Mdomo wa Kuazima kwenye Ubao wa Simu

Vijana wangu wa chumba cha simu, siku mliyoniaga kwa chai na maandazi mmoja wenu aliniuliza: "Mzee, zamani, kabla ya mitambo hii inayojiendesha yenyewe, mlikuwa mnaunganishaje watu?" Nikacheka, chai ikanipalia, swali likapita. Sasa nimekaa barazani kwangu mtaani Mabawa, adhuhuri nimeshaiswali, wala hakuna kengele inayonisubiri. Nitalijibu. Namshukuru Mola aliyeniachia masikio mazima hadi leo, maana hayo ndiyo yaliyonilisha, na wengi niliofanya nao kazi walizeeka wakiulizana "Unasemaje?" hata mezani.

Mambo ya vyeo na mishahara yamo kwenye majalada ya ofisi. Anayeyataka akayatafute huko, na avae kitambaa puani kwa sababu ya vumbi. Mimi nitaandika nilichokisikia.

Nilianza kazi katika miaka ya hamsini, kabla ya Uhuru, kwenye kampuni moja ya mkonge iliyokuwa na ofisi kuu hapa Tanga mjini, si mbali na bandari. Nilikuwa nimetoka chuoni nimehitimu msahafu, na shuleni nimepata hesabu na Kiingereza cha kuombea kazi. Aliyenipima alikuwa Bwana Yohana, mkuu wa chumba cha simu, Mbondei wa upande wa Muheza, Mkristo wa misheni, aliyejifunza simu jeshini wakati wa vita. Hakuniuliza habari za shule. Alinisimamisha uani, lori la kampuni likiwa limewashwa injini katikati yetu, yeye akaenda upande wa pili, akaniambia nimsomee majina ya stesheni zote za reli kutoka Tanga kwenda Korogwe. Nikasoma. Nilikuwa naadhini msikitini kwetu, nikajua namna ya kulipeleka neno mbali bila kulipigia kelele. Akazunguka lori, akaniambia, "Sauti unayo. Sasa tutakufundisha kuinyamazisha."

Chumba chetu kilikuwa chembamba, dirisha moja, na ubao wa simu umekaa ukutani kama kabati lililosahau milango. Ninyi hamkuuona, basi niueleze. Mbele yake kulikuwa na safu za matundu, na juu ya kila tundu kifuniko kidogo cha shaba. Mtu akizungusha mkono wa simu yake huko alipo, kifuniko chake kinaanguka, tak, nami nachomeka kamba ya waya kwenye tundu lake na kumwuliza anamtaka nani. Kisha nachukua kamba ya pili, naichomeka kwenye tundu la anayetakiwa, nazungusha kengele, naondoka masikioni mwao. Hiyo ndiyo kazi yote. Inaonekana nyepesi mpaka vifuniko saba vianguke pamoja.

Katika wiki ya kwanza niliota ubao. Hata nikiwa macho niliuota. Nilikuwa sijawatembelea watu wa ndani ya matundu yale, lakini nilizijua nyumba zao kwa sauti. Ghala la bandarini lilikuwa na mwangwi mrefu, na ndani ya mwangwi mtu mmoja anakohoa siku zote. Karakana ilikuwa na nyundo. Chumba cha wahasibu kilikuwa na feni iliyolia kama njiwa. Nyumba ya meneja ilikuwa na saa ya ukutani, na mara nyingine, kabla mtu hajasema, niliisikia ile saa ikipumua. Na tundu la mwisho, chini kabisa upande wa kulia, lilikuwa la shamba letu lililoko njia ya Horohoro. Huko waya uligawanyika tena kwenda ofisi ya shamba, nyumba ya mashine za kukamua mkonge, stoo na hospitali ndogo ya wafanyakazi.

Waya ule ulipita juu ya nguzo zetu wenyewe, ukikata vijito na minazi, kisha ukaingia kwenye mistari ya mkonge isiyo na mwisho. Saa za mchana jua likiwa kali, na kila mtu amelala usingizi wa macho wazi, nilikuwa nachomeka kamba kwenye tundu la shamba bila kumwita mtu, nausikiliza waya wenyewe. Ulikuwa na uvumi wa chini, wa mbali, kama mtu anayesoma dua chumba cha pili. Mvua nilikuwa naijua kabla haijafika mjini: ilianza kutatarika masikioni mwangu, ndogo ndogo, kama mchele unaopepetwa, na baada ya muda watu wa barabarani walianza kukimbia. Bwana Yohana alinikuta hivyo siku moja. Nikadhani atanigombeza. Alikaa kwenye kiti chake, akasema, "Nami nilikuwa nasikiliza hivyo hivyo kule vitani. Kuna wakati nilidhani naisikia misheni yetu ya Magila." Akafungua gazeti lake.

Kazi ya mikono ilikuwa nyingi. Hewa ya chumvi ya Tanga haina huruma na shaba. Kila asubuhi tulizifuta plagi, zile ncha za shaba za kamba, kwa ngozi laini na spiriti, la sivyo sauti zilikwaruza. Nyigu walijenga ndani ya masanduku ya simu. Tumbili walibembea. Kulikuwa na siku katika wiki ambazo sauti ya shamba ilikuja nzito, imelowa, na tulihangaika nayo sana, mpaka fundi alipofuata nguzo moja moja akakuta wake wa kambini wameanika kanga zao juu ya waya. Alipowauliza wakamwambia, "Sisi tulidhani kampuni imetufungia kamba." Aliwatafutia kamba.

Tabu kubwa zaidi ilikuwa salamu. Sisi watu wa pwani hatuingii katika neno bila kubisha hodi. Karani wa ghala alimwita karani wa stoo shambani, na kabla hajasema habari ya marobota ya mkonge, walikuwa wameshaulizana habari za wazee, watoto, mihogo, mvua na yule jamaa aliyekuwa akiumwa na jino. Waya ulikuwa mmoja, na wengine walikuwa wakingoja. Bwana Yohana akaweka sheria: salamu moja tu, kisha kazi.

Nikamwuliza, "Na mtu akiuliza habari za mama?"

"Mama hajambo," akasema. "Kila mama wa Tanga hajambo mpaka ofisi ifungwe. Baada ya hapo aumwe akitaka."

Sheria nyingine ilikuwa ya kupokeza. Wakati wa masika vikombe vya kaure vilivyoshika waya juu ya nguzo vililowa, na sauti ikavuja njiani. Hapo watu wawili waliounganishwa hawakusikiana kabisa. Ila mimi niliyekuwa katikati, kwa masikio yaliyofundishwa, niliweza kuchuja maneno katika ule uvumi, na sauti yangu ya kuadhini iliweza kupenya. Basi nilimsikiliza huyu nikamwambia yule. Bwana Yohana alinifundisha kupokeza kama alivyofundishwa jeshini. Akisema "mimi," nami niseme "mimi." Nisiseme "anasema kwamba." Nisiongeze, nisipunguze, nisipambe.

"Wakati ule mdomo wako si wako," aliniambia. "Umeazimwa. Aliyeuazima ndiye anayesema."

"Hata akitukana?"

"Wewe si mpishi, kijana. Hukuwekwa hapa kutia nazi."

Haikupita muda nikapimwa. Karani wa ghala alikasirishwa na marobota yaliyochelewa, akasema, "Wewe ni punda!" Karani wa stoo ya shamba alikuwa mtu wa umri wa baba yangu. Nikafumba macho, nikasema kwa sauti ya kupenya, "Wewe ni punda." Kisha likaja jibu, nikalipeleka ghalani vilevile: "Punda ni aliyekuzaa." Nilikuwa nimetukanisha wazee wawili kabla ya chai ya saa nne. Mwisho wa mwezi yule karani wa stoo alikuja mjini, akachungulia chumbani kwetu kutafuta aliyemtukana, akaniona mimi na kofia yangu ya vito. Akacheka mpaka akashika mlango. "Loo! Kumbe punda lenyewe ndilo hili, halijaota hata ndevu!" Alinipa embe.

Sasa niwaeleze siku ambayo kupokeza kulikuwa kuzito kuliko siku zote.

Ilikuwa masika, mvua imeshika siku nyingi. Mto ulikuwa umepanda, na barabara ya Horohoro imekatika upande huu wa shamba. Adhuhuri ilikuwa imepita kidogo, kifuniko cha shamba kikaanguka. Ilikuwa hospitali. Aliyesema ni Bwana Elia, msaidizi wa daktari, Mlutheri kutoka bara, mtu mpole ambaye hata akiagiza bandeji alisema "tafadhali" mara mbili. Siku ile hakusema tafadhali.

"Tanga, nisikilize. Mtu wa mashine, jina lake Athumani, mkono umeingia mashinani. Daktari bahati nzuri alikuwa huku kwenye ziara, amekwama na mafuriko. Mkono lazima ukatwe leo hii hii, mapema. Ukingoja, mtu anakufa. Lakini mwenyewe hakubali kuguswa."

"Anaogopa?"

"Haogopi kisu. Ana mama yake huko mtaa wa Nguvumali, hawasemezani tangu alipofiwa na baba yake. Anasema hawezi kulala kwenye meza ile bila radhi ya mama. Anasema akifa hivi amekufa mara mbili. Daktari amemsihi, mimi nimemsihi. Sasa amegeukia ukuta. Mtafuteni huyo mama."

Nilimweleza Bwana Yohana. Akavaa kofia, akaenda mwenyewe kwa meneja, akarudi na ruhusa ya gari. Dereva akapelekwa Nguvumali. Nilibaki na kamba yangu kwenye tundu lile, na kila mara nilimwuliza Bwana Elia, "Bado yupo?" naye akanijibu, "Yupo."

Mama huyo, Bi Mwanakombo, aliingia na buibui lililolowa mpaka kifuani. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu. Alitutazama sote kama watu tuliomwibia kuku.

"Shikamoo, bi mkubwa," nikasema.

"Marahaba. Yuko wapi?"

"Yuko shamba. Njia imekatika. Hapa tunayo sauti tu."

"Nimetolewa nyumbani na mvua hii nije kutazama sauti?"

Bwana Yohana alimvutia kiti, akamweleza taratibu: mkono, daktari, na kwamba mwanawe amekataa mpaka asikie neno lake. Aliposikia mkono utakatwa, vidole vyake vilishika ukingo wa ubao. Uso haukubadilika.

Tukamvalisha chombo cha masikioni asemeze mwenyewe. Alisikiliza, akakivua. "Kinavuma tu, kama tumbo la mwenye njaa." Akasema maneno mawili matatu kwenye mdomo wa simu, lakini sauti yake ilikuwa ya ndani, na upande wa pili Bwana Elia akaniambia hawakusikia kitu. Basi nikakivaa mimi. Elia akamwekea mgonjwa simu sikioni.

"Hebu niambie, we mwana," Bi Mwanakombo akaniuliza, "umesoma chuoni?"

"Nimesoma, bi mkubwa."

"Radhi ya mama hupita kwenye waya?"

Nilimjibu nilivyofundishwa: "Radhi maskani yake ni moyoni, na Mungu huiona pale pale. Ulimi unamjulisha binadamu tu."

"Haya. Na nani aliyekwambia ninaitoa?"

Hapo ikaja sauti ya Athumani, nyembamba, ikipanda na kushuka ndani ya mvua. Nikaisema kama ilivyokuja.

"Mama, shikamoo."

Hakuitikia. Akatazama mlango. Kisha akaanza, "Mwambie..."

"Bi mkubwa," Bwana Yohana akamkatiza kwa adabu, "usiseme 'mwambie.' Sema naye mwenyewe. Huyu kijana hayupo hapa."

Bi Mwanakombo akanitazama, kana kwamba anaangalia kama kweli sipo. Akageuza uso kidogo, akasema na ukuta.

"Siku tuliyomzika baba yako ulikuwa na mikono miwili. Hukuja kushika hata ncha ya jeneza."

Vijana wangu, nilikuwa na neno lile mdomoni, na upande wa pili kulikuwa na mtu anayetokwa na damu. Yeye hakuwa akisikia neno ila lile nililomsemea mimi. Ningeweza kusema, mama anakusalimu. Nilimtazama Bwana Yohana. Alikuwa anafuta plagi iliyokuwa safi. Nikavuta pumzi, nikalipeleka neno zima, na ncha ya jeneza ikiwemo.

Nilimsikia akilia. Bwana Elia akachukua simu: "Tanga, mmemwambia nini? Jamani!" Kisha mgonjwa akaidai tena.

"Mama, msimamizi alininyima ruhusa."

Nikasema, "Mama, msimamizi alininyima ruhusa."

"Mwongo," akasema Bi Mwanakombo. "Ulinijia na maneno hayo mlangoni, arobaini ya baba yako imekwisha pita, nikakwambia usinikanyagie kizingiti. Kuna jirani yetu kambini huko aliyenieleza. Ruhusa ulipewa. Ulikaa. Mtu akikosa kuja nitamuuliza kwa nini. Akinidanganya juu ya kaburi, nimuulize nini tena?"

Nikapeleka yote. Mvua ikatatarika. Nyuma yake nilisikia chombo cha bati kikiwekwa mezani, na mtu akisema kwa haraka. Bwana Elia akaja masikioni: "Daktari anasema hana muda zaidi. Anasema sasa." Nilimgeukia bi mkubwa na kumwambia hayo, kwa kuwa hayo hayakuwa ya kuazima. Akazidi kuushika ukingo wa ubao.

Ndipo Athumani akasema, polepole, kama mtu anayeteremka ngazi gizani. Nami nikasema nyuma yake, kipande kwa kipande.

"Kweli, mama. Nilipewa ruhusa. Nilitoka kambini na kanzu yangu. Nikafika njia kuu, nikangoja gari. Likaja, nikaliacha. Likaja la pili, nikaliacha. Niliogopa. Sikuweza kumwona baba ndani ya sanda. Baba ndiye aliyenifundisha kuogelea, alikuwa akinishika tumboni. Nikasema nisipomwona, hajafa. Nikakaa pale njiani mpaka jua likaisha. Niliona aibu kukwambia, mama. Mwanamume mzima."

Nilipomaliza, sikujua ni sauti ya nani iliyokuwa ikitetemeka. Baba yangu alikuwa hai siku zile, namshukuru Mungu, lakini kwa dakika ile nilikuwa nimefiwa, nimesimama kando ya barabara na kanzu mkononi.

Bi Mwanakombo akasema, "Mjinga wewe."

Nikapeleka: "Mjinga wewe."

"Na mimi niliogopa. Nilikuwa mle chumbani naye, nikageuza macho. Ungenieleza hivyo mlangoni siku ile, ningekupikia ule."

Nikapeleka hilo pia. Nilimsikia Athumani akipumua kwa mdomo.

Bi mkubwa akasimama. Akakaza mtandio wake. "Kwetu radhi haitolewi mikono mitupu," akasema. "Mtu huwekewa mkono kichwani. Kichwa kiko wapi?" Akatazama ubao, matundu na kamba zilizoning'inia, hakuona pa kuushika. Basi akauweka mkono wake juu ya kichwa changu. Ulikuwa wa baridi, umelowa mvua, na ulikuwa mzito kuliko nilivyodhani.

"Athumani," akasema, na mara hii hakutazama ukuta, "mwanangu wa pekee. Maziwa niliyokunyonyesha ni halali yako. Nimekuridhia duniani na akhera, na Mungu akuridhie kuliko mimi."

Nikasema, "Athumani. Mwanangu wa pekee. Maziwa niliyokunyonyesha ni halali yako." Nilikuwa kijana ambaye hata mke sina. Niliyasema yote, na sikuona ajabu. Nilikuwa kama nyumba ambayo watu wawili wanakutana ndani yake, na nyumba haiulizwi.

Athumani akauliza, nikauliza naye: "Mama, umeniwekea mkono?"

"Nimekuwekea," akasema.

"Nimekuwekea," nikasema.

Athumani akasema, "Basi daktari na aje."

Bwana Elia hakuitundika simu. Aliiacha mezani, sijui kwa kusahau au kwa huruma. Nilibaki nikisikia kile chumba. Mvua juu ya mabati. Maji yakimiminwa. Hatua za mtu, na sauti ya Elia ikihesabu kwa upole, na sauti ya Athumani, aliyepewa dawa ya usingizi, ikihesabu naye, ikilegea, ikipotea katikati ya hesabu. Bi Mwanakombo hakuondoa mkono. Kila mara aliniuliza, "Unasikia nini?" nami nilimjibu, "Mvua, bi mkubwa." Ilikuwa kweli, ila nilikuwa nasikia na mengine, na kwa hayo sikuulizwa. Alikuwa anasoma kimya kimya, na nilihisi kisomo chake kikiteremka kwenye vidole. Vifuniko vingine viliendelea kuanguka. Bwana Yohana alisimama nyuma yangu, akinyoosha mkono juu ya bega langu kuchomeka na kuchomoa, akiwajibu watu kwa kunong'ona kama aliye kanisani. Karani wa ghala alitaka marobota yake. Meneja alitaka bandari. Mchana ule wote umebaki kwangu kama kitu nilichokiona chini ya maji, kijani kijani, bila kingo.

Kisha nikasikia simu ikiokotwa.

"Tanga," akasema Bwana Elia, "tafadhali. Mwambie mama mkono umekwenda, mtoto amebaki. Anapumua vizuri. Tafadhali."

Nikamwambia. Akaondoa mkono kichwani mwangu, akakaa chini sakafuni hapo hapo, karibu na kiti, akajifunika uso kwa buibui. Bwana Yohana akaniambia kwa sauti ndogo, "Nenda kaswali. Alasiri inakukimbia. Ubao nitaushika mimi." Nikaenda, na katika sijda bado nilisikia mabati.

Maji yalipopungua Bi Mwanakombo alipelekwa shamba kwa lori la kwanza, amekalia gunia la unga, na chungu cha uji mapajani. Athumani alipona. Kampuni ilimpa kazi ya kupokea na kuhesabu mizigo ya mkonge langoni, nayo alikuwa akiipigia kelele simuni kuliko mtu yeyote wa mikono miwili.

Alipoweza kusafiri, alikuja mjini. Alisimama mlangoni kwetu, mtu wa makamo, ndevu zimeanza mvi, mkono wa kanzu umebanwa kwa pini. Sikumjua, maana hakusema. Alimtazama Bwana Yohana, akanitazama mimi, akaja moja kwa moja mbele yangu, akainama.

"Shikamoo, mama," akasema.

Bwana Yohana akapaliwa na moshi wa sigara. Mimi nikasimama, nikamwambia, "Astaghfirullah! Mimi ni mdogo wako!"

"Hapana. Sauti ni hii hii. Wewe ndiye uliyeniita mjinga." Tukacheka wote. Kisha nikamwuliza jambo lililokuwa likinisumbua: alijuaje kwamba lile neno la radhi lilikuwa la mama yake kweli, wala si la kijana wa simu anayetaka mgonjwa alazwe mezani?

"Kwa sababu ya lile la jeneza," akasema. "Ungekuwa unanituliza, ungeanza na utamu. Niliposikia jeneza nikajua mama mwenyewe yupo pale. Basi na mengine nikayaamini."

Tangu hapo aliniita mama. Akija mjini aliniita hivyo sokoni, mbele ya wauza samaki, na watu wakageuka kutafuta mwanamke. Bi Mwanakombo naye akinipitia na kisahani cha mkate wa kumimina alimwambia Bwana Yohana, "Mpe mama mwenzangu." Niliuzoea utani ule. Nilidhani ni utani.

Bi Mwanakombo alifariki miaka michache baadaye, kabla ya Uhuru, siku ya kiangazi yenye upepo mwanana. Athumani hakutuma mtu, alikuja mwenyewe mlangoni kwetu, akasema, "Twende." Nilienda. Nilibeba jeneza na wenzangu, na yeye alishika mbele kwa mkono wake mmoja njia nzima, hakukubali kupokewa. Aliingia kaburini akamlaza mama yake mwenyewe, watu wakimsaidia. Alimfunua uso, akamtazama.

Udongo ulipokwisha kusawazishwa na dua kusomwa, watu walipanga foleni kumpa mkono wa pole. Alikuwa mtoto wa pekee. Amesimama kando ya kaburi peke yake, hana kaka, hana mjomba, na watu walikuwa wengi. Nami nikaingia foleni kama wengine. Nilipomfikia nikanyoosha mkono, nikafungua kinywa nimwambie, "Mungu akupe subira." Hakunipa mkono. Alinishika kiganja, akanivuta, akanigeuza, akanisimamisha ubavuni pake, upande ule usio na mkono.

"Simama hapa," akasema. "Na wewe umefiwa."

Nikasimama. Watu wakaja, mmoja baada ya mwingine, wengi wao siwajui, wazee wa Nguvumali na vijana wa kambini. Wakampa yeye mkono, kisha wakanipa mimi, wakaniambia, "Mungu akupe subira." Hakuna aliyeniuliza mimi ni nani wa marehemu. Nikawaitikia amina, kila mmoja, mpaka foleni ikaisha.